Jino la Saa Tatu

Ofisini kwetu yuko daktari wa meno ambaye hajawahi kufungua kinywa cha mtu. Ni karani wa takwimu, ana miaka hamsini na minne, kitambi cha kukaa, na miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea upande wa kushoto. Jina hilo nilimbandika mimi na sijutii. Mimi ndiye mpima karatasi wa maabara iliyo chini ya ofisi yake. Nina mdomo, kila mtu anajua, na wakubwa wote waliokuja na kuondoka wamenikuta nao na kuniacha nao.

Nieleze kwanza kazi yetu, maana watu wakisikia tuko idara ya maji wanakuja kulalamika kwamba bomba lao limekauka. Sisi hatuuzi maji. Tunapima tope. Mto unabeba udongo usioonekana ukizama wala kuelea, umening'inia tu humo ndani ya maji, na wenye mabwawa na mitambo huko chini wanataka kujua ni kiasi gani unakuja. Zamani alishuka mtu mtoni na chupa. Siku hizi kuna jicho.

Jicho ni kidude cha chuma, urefu wake kama mkono hadi kiwiko, kinachoning'inia ndani ya bomba lenye matundu ukingoni mwa mto. Kinamulika taa majini na kupima mwanga unaorudishwa na chembe za tope. Kila dakika kinaandika namba moja. Kina hata kifutio cha kujipangusia ute, kama cha kioo cha gari. Juu ya ukingo lipo sanduku lenye betri, pampu na chupa ishirini na nne. Tope likizidi kiasi, pampu inaamka na kujaza chupa bila kuambiwa na mtu, na chupa hizo ndizo zinazoletwa kwangu. Nazichuja, karatasi nazikausha kwenye oveni, kisha nazipima kwenye mizani ambayo ukikohoa karibu yake umeuongezea mto udongo.

Kila asubuhi saa nne kompyuta ya juu huipigia simu mashine, nayo inamwaga namba zake zote za tangu jana, zinachorwa mstari. Mvua ikinyesha, mstari unapanda taratibu na kushuka taratibu. Lakini ng'ombe akikanyaga karibu na bomba, au jani likilala juu ya jicho, mstari unaruka ghafla na kushuka ghafla. Huo mruko tunauita jino. Kitabu cha mwongozo kinasema jino si mto, ni fujo, na lazima ling'olewe kabla takwimu hazijapelekwa kwa wakubwa. Mng'oaji ni yeye, na ndiyo maana akaitwa alivyoitwa.

Mashine tunazo tisa. Mimi nilianza kuona kwamba kuna moja anaifungua mwisho kila siku, kama mtoto anavyobakiza nyama pembeni mwa sahani. Ile ya kwenye mto mkubwa, mwendo wa saa nne kwa gari, chini ya ngazi za mawe. Akishamaliza nyingine nane, anasukuma mlango kwa mguu, anasogeza kiti, anatazama. Midomo inacheza. Kisha kidole kinashuka kwenye kitufe, na anabaki ameinama kidogo kama mtu aliyeshikwa na kichomi.

Nilidhani anasali. Siku moja nikamuuliza anasalia nini, mto ukauke sote tukose kazi? Akanifukuza. Wiki nzima tukawa hatusemeshani. Halafu umeme ukakatika mchana kutwa, kompyuta zikawa masanduku tu, akashuka maabara na vikombe viwili vya chai akanisimulia bila kuulizwa.

Baba yao alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Kaka yake alikuwa na ishirini na moja, na ndiye aliyepewa kazi ya chupa pale mtoni. Kila siku saa tatu asubuhi, Jumapili na sikukuu, alishuka zile ngazi za mawe suruali imekunjwa, akasimama kwenye ngazi ya mwisho, akazamisha chupa, akaandika karatasi yake. Miaka thelathini na minne. Kwenye karatasi palikuwa na sehemu ya maoni, ambayo watu wengine huacha wazi. Yeye alijaza. "Maji yamechoka leo." "Maji yana haraka." "Maji yamenuna, sijui nani kayaudhi." Kwa kazi hiyo alimlea mdogo wake, akamsomesha hadi mwisho, akamnunulia viatu vya kwanza vya ngozi, akamshika mkono hadi mlango wa ofisi hii hii.

"Sasa mashine zilipokuja," akasema Daktari, "orodha ya vituo niliandika mimi. Cha kwake nikakiweka cha kwanza. Nilitaka kumtoa kwenye maji ya baridi, dada. Magoti yalikuwa yameanza kumuuma. Nikasema simwambii, nitamshtukiza."

Mimi nikamwambia ukweli, kwamba alikuwa mjinga. Akakubali.

Alifika na mafundi na mashine ya kutoboa mawe, saa tatu kamili. Kaka alikuwa kwenye ngazi ya mwisho, chupa mkononi. Daktari akateremka akiwa na tabasamu la meno yote, akamwamkia. "Shikamoo kaka." Kaka akatazama lile sanduku, akatazama mafundi, akamtazama yeye. Akaiweka chupa juu ya jiwe, akapanda ngazi akiwapita mmoja mmoja, akaenda zake nyumbani. Hakuitika.

Asiyejua atasema jambo dogo. Mimi nimeona watu wanaokwenda kushtakiana wakiamkiana mlangoni mwa mahakama. Mtu anaweza kukutukana na bado akakuitikia shikamoo yako, kisha akaendelea kukutukana. Lakini mkubwa wako aliyekulea, ukamwamkia mbele ya watu naye akakunyima marahaba, amekuambia hakujui ulikotoka. Daktari alijaribu tena kwenye msiba wa shangazi yao. Akajaribu tena getini kwa kaka, peke yao, hakuna wa kumwonea aibu. Mara zote kaka alimtazama kama unavyotazama dirisha. Baada ya hapo hakwenda tena. Ilikuwa mwaka wa kumi na moja sasa.

"Mimi sitaki aniombe radhi wala nimuombe," aliniambia, chai imepoa mkononi. "Nikisikia marahaba moja tu kutoka kwake, nitalala."

Na jino lile? Lilianza wiki ya tatu baada ya mashine kufungwa. Saa tatu kamili asubuhi, mstari umelala kimya, mara unaruka, unakaa juu dakika nne, unashuka. Dogo, halifiki hata kuamsha pampu. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Alidhani waya umelegea. Ndipo akakumbuka bomba limefungwa wapi: pembeni mwa ngazi ya mwisho kabisa, pale pale, maana takwimu lazima ziendelee kutoka mahali pamoja. Na kaka yake kuzamisha chupa na kuandika karatasi kulimchukua dakika nne. Alijua miguu hiyo ni ya nani. Mzee hana kazi tena, hana chupa, lakini saa tatu anashuka na kusimama majini, na tope la miguuni mwake linapita mbele ya jicho.

Basi kila asubuhi saa nne mdogo mtu alilitazama jino hilo, akaliamkia. Shikamoo kaka. Ndiyo midomo niliyoiona ikicheza. Kisha akaling'oa, kwa sababu kitabu cha mwongozo hakina ukurasa wa kaka. Meno ya Jumamosi na Jumapili aliyang'oa Jumatatu, yote kwa mpigo, na Jumatatu alikuwa hasemeki.

Miaka miwili iliyopita jino lilikosekana siku nne. Siku hizo nne Daktari hakula. Alimpigia simu shemeji yake, mke wa kaka, naye akajibu, "Tupo," akakata. Alipanda gari kwenda, akafika kituo cha mafuta cha nje ya mji, akashuka, akarudi kwa miguu. Nikamuuliza ulirudia nini? Akasema, "Nikifika nikamwamkia akaninyamazia tena, nitakwenda wapi tena?" Siku ya tano jino likarudi, ila jembamba, kama la kitoto. "Kaka amekonda," akaniambia, na akanunua mkate akala.

Hivyo ndivyo tulivyoishi naye, hadi asubuhi moja ya mwezi uliopita aliposhuka ngazi za maabara akiwa amesahau miwani juu. Akaniambia jino la saa tatu halipo. Lipo jingine, umbo lile lile, dakika nne zile zile, lakini limeandikwa 03:00. Saa tisa ya usiku.

"Anashuka mtoni usiku wa manane," akasema. "Mzee wa miaka sitini na sita. Akili zimemwacha, dada, au kuna kitu kinamkimbiza."

Tulisubiri kesho yake. Saa tisa ya usiku tena. Siku ya tatu Bi Mhandisi, mkuu wetu, ambaye nimemzidi miaka ishirini na bado ananitisha, akaliona mwenyewe kabla halijang'olewa. Akasema hao ni wezi wa mchanga, nani mwingine anaingia mtoni saa hizo. Akataka mtu aende akaandike sababu, na ikibidi bomba lihamishiwe ng'ambo ambako hakuna ngazi. Akatazama huku na huku nani wa kumtuma. Daktari wa Meno, ambaye kwa miaka kumi na moja safari ya kituo kile ilipotajwa alikuwa ana homa, akasema, "Nitakwenda mimi."

Mimi nilijipachika kwenye safari hiyo kwa kisingizio cha chupa. Tuliondoka alfajiri. Njia nzima hakusema zaidi ya maneno kumi, na manane yalikuwa kwa lori lililokuwa mbele yetu. Karibu na kufika aliegesha gari, akashusha kioo cha juu, akajitazama, akalamba kidole akalaza nyusi. Sikumcheka. Nina mdomo lakini si mnyama.

Ngazi zile ni za mawe ya mto, zimelika katikati kwa kukanyagwa. Maji yalikuwa ya kahawia hafifu, yanapita bila kelele. Sanduku lilikuwa salama, kufuli yake, kutu kidogo. Nikalifungua nitoe chupa, na kwa mazoea nikatazama kioo kidogo cha mashine. Kiliandika 02:51.

Jua limeshapanda. Nikatoa simu yangu. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tisa asubuhi.

Hapo naomba nijitaje, maana kosa ni langu na sina wa kumsingizia. Siku chache kabla ya hayo, fundi wa vituo alikuwa likizo, nikatumwa mimi kuja kuchukua chupa na kubadilisha betri. Ukibadilisha betri, mashine inazinduka na kuuliza saa ngapi. Mimi nilikuwa nimetazama jua na nimesikiliza tumbo, vyote viwili vikaniambia saa tatu na dakika kumi. Nikaandika tatu na kumi. Mashine nayo ilijifunza saa kwa watu wengine, ikaandika saa tisa na dakika kumi ya usiku, ikaendelea na kazi yake bila kinyongo. Mtu mwenye utulivu angeona kwamba mstari wote umerudi nyuma saa sita, na kwamba kila siku ulikatikia saa kumi ya alfajiri badala ya saa nne ya asubuhi. Sisi tulisema mtandao. Na Daktari mwenyewe hakutazama kinywa, alitazama jino.

Nikamwambia. Nilitegemea anitukane. Alikaa kwenye ngazi akacheka hadi akavua miwani, mabega yanatikisika, na mwishoni sikujua kama bado ni kicheko. Kisha akarudisha miwani.

"Kwa hiyo anakuja sasa hivi," akasema.

"Zimebaki dakika nane."

Akasimama. Akachomekea shati. Akalichomoa. "Nijifiche kwanza, au?"

"Utajificha wapi na kitambi hicho? Simama hapo hapo."

Alisimama. Sijawahi kuona mtu mzima akisimama vile, mikono imenyooka pembeni kama anasubiri kukaguliwa. Tulisikia nyayo juu, kwenye kokoto. Na aliyeshuka ngazi hakuwa kaka. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo yangu, kanga kiunoni, ameshika mpini wa jembe usio na jembe.

Alimtambua Daktari mara moja, niliona. Lakini hakusimama. "Nipishe kwanza, shemeji, muda usinipite," akasema, akatupita, akashuka hadi ngazi ya mwisho, akatumbukiza mpini ule kando ya bomba, akaanza kukoroga. Alikoroga taratibu, uso umetulia, anahesabu chini kwa chini. Tope lilipanda likapita mbele ya jicho kama moshi. Dakika nne. Akautoa mpini, akaukung'uta, akajifuta miguu kwa kanga.

"Haya," akasema. "Sasa tusalimiane."

Daktari akateremka ngazi moja. Alikuwa anautazama ule mpini.

"Kaka yako alipata kiharusi," akasema shemeji yake. "Miaka miwili sasa. Mkono wa kulia na mguu wa kulia, na maneno. Siku zile nne tulikuwa hospitali. Ulipopiga nilikuwa kitandani kwake. Baadaye nilichukua simu nikueleze, akanishika kiganja kwa mkono wake mzima, akakibana mpaka nikaiweka. Hakutaka uje kwa kumhurumia."

"Na hii?" Akaonyesha mtoni.

"Hii alikuwa anaifanya mwenyewe, kabla. Nilimuuliza, we mzee, kazi huna, unakwenda kulowa bure kwa nini? Akaniambia, huyu mdogo wangu ananiamkia kila siku huko aliko, namjua. Mimi siwezi kukaa nisimwitikie." Shemeji alikuwa anazungumza huku anakunja kanga, kama anaeleza habari za kuku. "Nikamwambia si umwitikie kwa mdomo, kama watu? Akasema kwa mdomo amejaribu, halitoki. Kila akimwona anaona lile sanduku. Basi akawa anarudi kutoka mtoni ananiambia, nimeshamwitikia. Alivyougua, siku ya kwanza tumerudi nyumbani, saa tatu akaanza kuonyesha mto. Ananyoosha kidole, analia. Nilihangaika mpaka nikaelewa. Tangu hapo nakuja mimi."

Daktari alikaa chini tena. Miaka miwili alikuwa anaamkia mpini wa jembe, na hata hivyo hakukosea alikopeleka salamu. Alilia wazi, bila kuficha uso. Mimi nilijishughulisha na chupa, nikazihesabu mara mbili, nikapata hesabu tofauti.

Nyumba ilikuwa juu tu ya ukingo, vyumba viwili na ukumbi. Mlangoni shemeji akatusimamisha. Akapunguza sauti. "Niwaambie jambo msishtuke. Limemrudia neno moja. Daktari wa hospitali alisema inatokea, mtu anapoteza maneno yote linabaki lile lililozoeleka ulimini. Kwake limebaki marahaba. Analisema kwa kila kitu. Akisikia njaa, marahaba. Akiumia, marahaba. Usidhani, shemeji... yaani, usilibebe sana."

Nilimtazama Daktari. Alikuwa anavua viatu, na alichukua muda mrefu kuvua viatu visivyo na kamba.

Mimi nikaingia kwanza. Mzee alikuwa kwenye kiti cha mbao chenye mito miwili, dirishani, ametazama mto. Kamba nene imefungwa ukutani ya kujivutia asimame. Mkono wa kulia ameulaza mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kushika. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Marahaba," vizuri kabisa, sauti nene. Nikavuta kigoda kikakwaruza sakafu. "Marahaba." Mke wake akampa kikombe cha chai. "Marahaba." Chai ikamchoma mdomo, akakirudisha kwa hasira. "Marahaba." Neno lilimtoka kama kikohozi, halina bei. Na yule mwenzangu aliyekuwa anahesabu viatu pale mlangoni alisikia zote nne. Nilikasirika sana wakati ule, sijui nimkasirikie nani. Ugonjwa ungeweza kuchagua neno jingine.

Daktari akaingia. Mzee akageuza shingo. Wanafanana paji la uso na ule mkunjo wa katikati ya nyusi. Mdogo mtu akapiga magoti mbele ya kiti.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba," akajibu mzee papo hapo, kama alivyokijibu kikombe.

Daktari akaitikia kwa kichwa. Akajaribu kutabasamu. Alikuwa amelipata, na halikuwa lake, na alikuwa mtu wa takwimu, anajua jambo linalojirudia kwa kila kitu halisemi kitu. Mzee hakumwondolea macho. Mkono wa kushoto ukapanda, ukaonyesha dirisha, ukaonyesha mto, ukamwonyesha yeye. Kisha akaanza kuandika kwa kidole juu ya paja lake, mistari mifupi mifupi.

"Anauliza kama zinaandikwa," akasema shemeji, akiwa ametupa mgongo anamimina chai nyingine. "Unamjua na kuandika. Kila nikirudi mtoni ananiuliza hivyo hivyo, zinaandikwa? Mimi namwambia zinaandikwa zote, ziko kitabuni. Leo mjibu wewe mwenye kitabu."

Nilitazama sakafu. Nilikuwa namwomba aseme uongo. Ni neno moja tu, zinaandikwa, na mzee angelala kwa raha, na nani angekwenda kukagua? Nilikuwa tayari kulisema mwenyewe.

"Kaka," akasema Daktari, "zinafika. Hakuna siku niliyoacha kuitazama. Nikiiona nakuamkia, kwa sauti kabisa, huyu dada ni shahidi. Halafu naifuta. Ndiyo kazi niliyopewa, kinachobaki kitabuni kiwe mto peke yake, asiwemo mtu. Nimezifuta zote kwa mkono wangu. Karibu elfu nne. Haikubaki hata moja."

Kidole cha mzee kikasimama pajani. Nikasubiri lile neno, maana lilikuwa linatoka kwa kila kitu, hata kwa kigoda. Halikutoka. Mdomo ulifunguka ukabaki wazi. Alimtazama mdogo wake, muda ukaenda, chai ikaacha kutoa mvuke. Daktari aliinamisha kichwa kama mtu anayengoja mlango ufungwe, maana kimya hicho alikuwa anakijua, aliwahi kupewa mara tatu.

Mzee akaushika mkono wake uliokufa kwa ule mzima. Akaunyanyua kama unavyonyanyua ndoo, akauweka juu ya kichwa cha mdogo wake, akaweka na huo mwingine juu yake. Taya likaanza kufanya kazi. Mishipa ya shingo ilisimama. Neno lile ambalo asubuhi nzima lilikuwa linamwagika lenyewe, sasa alikuwa analitafuta, analivuta silabi kwa silabi kutoka mahali pa mbali, jasho linamtoka.

"Ma. Ra. Ha. Ba."

Mke wake, aliyelisikia neno hilo kutwa kucha kwa miaka miwili, akatua birika mezani, akatoka nje.